Zipu ya Kibanda cha Tosha

Jumatatu, 11 Agosti 2025. Kasikeu.

Nimechaguliwa! Daktari Wariara, yule wa mifugo, ametuita wenye mbwa wote mbele ya kliniki yake. Mbwa sita wa Kasikeu wanaenda maonyesho Kalamba. Ijumaa tunalala uwanjani kwa mahema, Jumamosi mashindano. Mwaka huu kuna sheria mpya: kila mbwa awe na kibanda chake cha kitambaa, kile cha kukunja kama mwavuli, asizurure wala kupigana akingoja zamu. Akipatikana nje ya kibanda bila mwenyewe, ametoka kwa mashindano.

Vibanda sita vya kuazima vinafika kesho kutoka Nairobi. Havilingani. Nani ataamua mbwa gani aingie wapi? Nzioka akainua mkono. Akasema si tuko na fundi wa cherehani hapa, Muindi anajua kitambaa na zipu kuliko sisi sote.

Alisema kwa roho safi. Hiyo ndiyo inaniudhi. Nzioka wa duka la mbegu hufanya kila kitu kwa roho safi. Mbwa wake Jenerali ameshinda miaka miwili mfululizo. Meja wangu amekuwa wa nne miaka miwili mfululizo.

Daktari alitufundisha namna ya kuchagua. Mbwa asimame ndani bila kuinamisha kichwa. Ageuke. Alale akijinyoosha. Wavu pande tatu, hewa ipite. Vigingi viingie ardhini vizuri, upepo wa Agosti hauna adabu. Na mbwa azoeshwe nyumbani kwanza, asije akaona kibanda kama jela. Nimeandika yote.

Jumanne, 12 Agosti

Vimefika. Nimevisimamisha vyote mbele ya duka na kuvipima kwa tepu, watu wakiangalia. Nilikunja uso kama mtu wa serikali.

Kikubwa chenye wavu mzuri na mkeka wa kuosha: Meja. Mwenye kuchagua hujitendea haki.

Cha kijani, kifupi lakini imara: Tosha wa Mwalimu Kalunde. Mwalimu Kalunde ndiye aliyenifundisha kusoma darasa la pili. Ni mjane sasa. Tosha ni mbwa mzee, jicho moja limeingia ukungu na la pili linafuata njia hiyo hiyo. Hawaji kushinda. Wanakuja kwa sababu marehemu mzee wake hakukosa maonyesho hata moja.

Halafu kuna cha bluu. Kirefu, cha kupendeza. Lakini zipu ya mlango imeliwa meno matatu kule chini. Ukiifunga unaona imefunga. Ukisukuma kwa ngumi, inaachana. Kazi ya dakika kumi. Zipu ya saizi hiyo ninayo kwa droo.

Droo sikuifungua. Nikachukua karatasi nikaandika NZIOKA, nikaibandika juu.

Mbona? Jenerali ni mbwa wa kusukuma. Atatoka, atapatikana nje, basi. Hakuna mtu ameumia. Hakuna mtu amedanganya. Mbwa mrefu, kibanda kirefu! Hata Daktari angechagua hivyo.

Jumatano, 13 Agosti

Aibu ndogo. Meja amekataa kibanda. Nimemwekea ugali na matumbo ndani, akaninyima hata kunusa. Nikaona nimwonyeshe mfano. Nikaingia mimi, kwa magoti, nikajilaza, nikamwita kwa sauti tamu. Meja akaja akakaa mlangoni, nje, akanizibia njia. Kilo thelathini za mbwa. Nikamsihi. Akalala.

Hapo ndipo mke wa pasta alikuja kuchukua majoho ya kwaya. Mke wangu Katunge akamwambia bila kucheka kwamba Muindi anapima. Mungu ambariki.

Jioni Katunge aliniuliza ile zipu ya bluu mbona sijaishona. Nikasema niko na mpango nayo. Akaendelea kuchagua mawe kwa pojo.

Ijumaa, 15 Agosti. Uwanja wa Kalamba.

Mambo yameharibika.

Tulifika saa nane mchana, upepo ukitupa vumbi machoni. Kila mtu akasimamisha hema na kibanda. Mwalimu Kalunde akapiga magoti amfungulie Tosha cha kijani. Magoti yake si ya kupigwa hivyo. Akashika mgongo. Kabla sijafika, Nzioka alikuwa ameshafika. Nilimsikia kwa masikio yangu:

“Mwaitu, chukua hiki changu. Mlango uko juu, hutainama sana. Jenerali atajikunja huko kwa kijani, ni siku moja tu.”

Mwaitu, yaani mama. Akabeba cha bluu mwenyewe, akapiga vigingi mwenyewe, akamwingiza Tosha mwenyewe. Akafunga zipu. Ikaonekana imefunga.

Nilikuwa hatua kumi. Nikainama kukaza kigingi cha Meja kilichokuwa kimeshakaza.

Nikajiambia nitaishona wakienda chai. Sindano na uzi vilikuwa mfukoni, fundi hatembei bila. Wakaenda chai. Watu wa Migwani wakanizunguka, wamesikia mimi ndiye bingwa wa vibanda. Wananiuliza wavu, mikeka, mbwa wa kutafuna afanyiwe nini. Nikahutubu karibu saa nzima.

Ningetaka kuandika hapa kwamba nilisahau. Lakini kitabu hiki ni changu peke yangu. Sikusahau. Niliogopa kuonekana nikishona, mtu aulize nilijuaje imeharibika.

Jumamosi, 16 Agosti, jioni

Tosha alitoka asubuhi, wakati sisi sote tuko kwa maombi ya kufungua. Mwalimu alirudi na uji wake akakuta mlango umening'inia. Hakupiga kelele. Alisimama na kikombe akisema jina lake polepole, kama anasoma rejista na mtoto haitikii.

Woi, ile sauti.

Barabara ya malori ya mchanga iko pale pale chini ya uwanja. Mbwa haoni. Nzioka ndiye wa kwanza kukimbia. Walikuwa wanaita jina la Jenerali aingie ulingoni, hakugeuka. Nikamfuata. Yeye akashika barabara, mimi nikateremka mtoni, mahali hakuna mtu wa kuniona uso.

Mto umekauka, mchanga mtupu, na yale mashimo watu huchimba kutafuta maji. Nilitembea karibu saa mbili nikiita. Nilimwambia Mungu mambo mengi. Kwa shimo la mwisho nikasikia kitu kama kikohozi. Tosha! Amekaa ndani, maji yamefika tumboni, anatetemeka, kichwa amekiinua upande usio na mtu. Niliruka. Shimo lilinifika kifuani. Akanilamba mkono. Huu mkono.

Nikarudi nimembeba, tope mpaka kwa nywele. Uwanja mzima ukapiga makofi. Watu wa Migwani wakapiga vigelegele. Mwalimu Kalunde akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka. Daktari Wariara akaandika cheti hapo hapo: Rafiki wa Mbwa. Nikakipokea. Nilisema asante. Nikainama kidogo, hata!

Jenerali ametolewa kwa sababu mwenyewe hakuwepo. Nzioka akasema si kitu, Tosha amepatikana. Akanikumbatia na tope langu lote.

Kwa hivyo mpango umefaulu. Katunge ndiye alimtembeza Meja. Wa nne.

Jumapili, 17 Agosti

Pasta amenisimamisha mbele ya kanisa. Mfano wa mchungaji mwema, akasema. Kanisa likaimba. Katunge peke yake hakuimba. Alikuwa anatafuta kitu kwa mkoba wake, wimbo mzima.

Jioni nimefungua ile droo, nikatoa zipu.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeenda kwa Mwalimu Kalunde asubuhi, na kile kibanda cha bluu kwapani, kabla hakijarudishwa Nairobi. Tosha alikuwa amelala juani kwenye baraza. Nikasema yote, nimesimama kama darasa la pili. Meno matatu. Droo. Karatasi ya Nzioka. Hata ile chai.

Aliendelea kupepeta mahindi yake mpaka nikamaliza. Kisha akasema:

“Muindi, nimefundisha watoto miaka thelathini. Mtoto aliyeiba chaki huficha uso vile uliuficha wako Jumamosi. Nilikuwa nangoja nione itakuchukua siku ngapi.”

Nikauliza mbona basi alilia akinishika mikono.

“Nilikuwa nalilia mbwa.”

Akaniambia nikae chini nishone. Nilishona. Dakika kumi, hazikuzidi. Aliipima kwa ngumi, ikashika. Akasema amenisamehe, lakini Nzioka ni wa kwenda kwake mimi mwenyewe, na si kesho kutwa. Nikaapa. Akanipa chai na viazi vitamu. Nilikula nikilia, na sioni aibu kuandika hivyo. Natembea mwepesi. Mimi ni mtu mpya!

Jumanne, 19 Agosti

Nilikuwa njiani kwenda kwa Nzioka. Kweli kabisa, nilikuwa nimevaa hata viatu.

Nikakutana na mke wa pasta. Akaniambia kanisa linachagua mzee mpya mwezi ujao, na jina linalotajwa sana ni la Nzioka. Nikarudi nyumbani kufikiri.

Kumwambia Nzioka dukani, katikati ya magunia ya mbegu, watu wawili tu? Ni kuharibu ungamo zuri. La, hii inataka ushuhuda, Jumapili, mbele ya kanisa lote. Nitaanza polepole. Nikifika kwa habari ya shimo nitanyamaza kidogo. Machozi yaje nikitaja macho ya Tosha, si kabla. Katunge ameniuliza najisemesha nini mbele ya kioo na leso mkononi. Nimemwambia ni toba.

Halafu watu wapige kura. Kanisa linapenda mtu aliyeanguka akainuka. Nzioka maskini atasimama pale na nini? Hana hata dhambi moja ya maana.