Kibao Kilikuwa Mlangoni Kwake

Jumatatu, 6 Novemba

Binti yangu Ottilie kaanguka na baiskeli. Mkono wa kushoto umevunjika, wamemfunga plasta hadi juu ya kiwiko. Ana miaka sita tu! Hospitalini nililia mpaka muuguzi akanipa mimi kiti badala ya mtoto.

Chanzo: majani yaliyolowa mbele ya mlango wa nyumba yetu. Mwenye zamu ya kufagia: Bi Häfele wa ghorofa ya chini. Ushahidi: kibao cha zamu, kinachohamia mlango wa jirani mwingine kila wiki, kinaning'inia mlangoni kwake. Nina hakika, maana nilikitundika mimi mwenyewe. Jumamosi alidai wiki yake imekwisha, akakileta kwangu. Nikakagua ngazi. Nikakuta majani mawili nyuma ya mlango mkubwa. Mawili! Nikamrudishia kibao chake. Haki ni haki.

Annegret, mke wangu, karudi kutoka kazini na hata pole hakunipa. Kauliza nilikuwa wapi mtoto akianguka. Nikasema nilikuwa palepale. Akasema yeye anaendesha basi la watu sitini na hajagonga hata njiwa, mimi nimeshindwa na mtoto mmoja na magurudumu mawili. Ikijulikana ni uzembe wangu, kuanzia Jumatatu ijayo Ottilie akitoka shule atashinda kwa Bi Häfele.

Kwa Bi Häfele! Mchana wa Ottilie ni wangu. Nafanya kazi asubuhi tu kwa sababu hiyo. Sitakubali.

Jumanne, 7 Novemba

Nimemwandikia Bi Häfele barua ya kudai fidia. Baiskeli mpya, maumivu ya mtoto, maumivu ya baba. Nimeisukuma chini ya mlango wake.

Nusu saa baadaye kapanda na sufuria ya supu ya mgonjwa. Barua hakuitaja. Kwa nini hakuitaja? Mtu asiye na hatia hapiki haraka namna hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimetia supu kidogo kwenye chupa, nikaandika tarehe. Iliyobaki Ottilie kaimaliza na kuomba nyingine.

Jumatano, 8 Novemba

Bi Häfele kanikuta kwenye mapipa ya taka, nikilinganisha majani ya pipa lake na yale ya barabarani. Kapaza sauti mtaa mzima usikie: "Bwana Schaible, majani mawili umeyaona, mtoto hukumwona? Baba mzima!" Kisha akanipa anwani ya bima yake na kunitakia kila la heri. Kila la heri! Huyu anajua kitu.

Fomu ya bima ina kurasa nne. Swali la kumi na moja: nani alikuwa akimwangalia mtoto, alisimama wapi, alikuwa akifanya nini? Wameacha mistari sita. Ya nini yote hiyo? Huo ni mtego. Nimejibu: "Baba. Karibu. Kuangalia." Nimeambatisha picha niliyopiga siku ileile, ikionyesha majani yasiyofagiwa. Hapo hachomoki.

Ijumaa, 10 Novemba

Bwana Kächele wa bima kapiga simu wakati wa chakula. Annegret kaweka simu kwenye spika tusikie sote. Bwana mpole sana. Wapole ndio wa kuogopwa.

Kashukuru kwa picha. Kasema inaonyesha hata saa: kumi na dakika saba jioni. Kasema kwa fomu yangu mwenyewe, mtoto alianguka saa kumi na dakika saba jioni. Kisha akaniomba kwa upole niangalie picha pembeni kushoto, nimwambie lile gurudumu jekundu ni la nani.

Nimeangalia. Ni la Ottilie. Liko hewani.

Nilikuwa nimepiga magoti, nikiyapiga picha majani ya Bi Häfele, na mwanangu alikuwa akianguka hatua tatu kutoka sikioni mwangu. Nilijiona mtu wa hovyo kwa muda wa dakika nzima.

Fidia hakuna. Annegret kasema nyani haoni kundule, akaendelea kula dengu. Ottilie naye, bila kuulizwa na mtu, kasema: "Baba huwa anaangalia vitu. Mimi haniangalii."

Iliniuma sana. Lakini miaka sita, na sentensi iliyonyooka hivyo? Nani kamfundisha?

Jumatatu, 13 Novemba

Ottilie kashushwa kwa Bi Häfele. Mimi nimekaa ngazini na daftari.

Saa nane na dakika tano: kaingia. Saa nane na dakika ishirini: harufu ya keki ya plamu. Saa nane na nusu: wanacheka. Wanamcheka nani?

Saa nane na dakika arobaini mlango umefunguliwa. Bi Häfele kasema hana ugomvi na mtu, viti viko vitatu, nipite ndani keki ingali moto. Ottilie kachomoza kichwa chini ya kwapa lake. "Baba, njoo ukae na mimi."

Viti vitatu! Mwanamke anayeishi peke yake, vya nini? Nimemwambia Ottilie asubiri kidogo, Baba anaandika.

Kasubiri dakika nne. Kisha kaufunga mlango mwenyewe, kwa ule mkono mzima. Saa nane na dakika arobaini na nne.