Sook, Chook na Bwana Scadden

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Bahati nasibu ya kuku pale baa, nimekosa tena. Kuku kachukuliwa na Trevor Hoskin, fundi matrekta, ambaye hata jiko lake ni bovu. Chozi likanitoka. Moja tu! Trevor akaliona, akapaza sauti: jamani, mwoneni *sook* huyu! Baa nzima ikaangua kicheko.

Hapa kwetu Wirrigan, Australia, *sook* ni mlialia. Mashambani ni ndama aliyefiwa na mama akalelewa kwa chupa. Sitaki kuwa yeyote kati yao. Na jina la utani mji huu halibanduki. Nahodha wetu wa matufe, mchezo wa kuviringisha mipira nyasini, anaitwa Singa, na kichwani hana unywele hata mmoja! Lazima nilizime hili mapema.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango safi. Nimeazima ndama wa shemeji, nikampitisha barabara kuu, ili watu wakisikia *sook* wadhani anayetajwa ni yeye. Ndama akanyonya koti la mke wa mchungaji mpaka kifungo kikang'oka. Trevor, kasimama mlangoni pa gereji, akauliza kati yetu nani anapewa chupa kwanza. Mshenzi!

Jumapili, 9 Machi

Leo nimejibu mapigo. Nimemwita Trevor *chook* mbele ya kanisa zima. *Chook* ni kuku. Ni bibi kizee pia, na tukisema *chook* aliyekatwa kichwa ni mtu anayehangaika huku na huko asijue aendako. Nilitegemea anywee. Kumbe mkewe humwita hivyo tangu uchumba wao! Akaitika, naam mpenzi, akanirushia busu. Hata mchungaji alicheka.

Jumatatu, 10 Machi

Basi, utani mwisho. Nimepanda juu ya kiti pale klabu ya matufe, nikatangaza kwamba mimi ni mtu mzima na kuanzia leo naitwa Bwana Scadden. Kisha Shirley wa kaunta akasema haya, sawa, Bwana Scadden. Ushindi!

Jumatano, 12 Machi

Bwana Scadden buchani. Bwana Scadden kwa kinyozi. Hakuna anayenitania, hakuna anayeniulizia hata mgongo wangu. Trevor kanivulia kofia! Hapa "Bwana" tunawaita watu wa kodi na wageni tunaotaka waondoke.

Singa kanieleza, kwa adabu ya kutisha, kwamba Jumamosi nafasi yangu kwenye timu kapewa mwingine, wasije wakanisumbua. Mimi! Niliyecheza hapo tangu nina kiuno! Maureen, mke wangu, hakunificha. Kasema wamekutema, mzee, na umejitakia mwenyewe. Pai yangu ya nyama nimeshindwa kuila. Naogopa kweli.

Ijumaa, 14 Machi

Baa. Meza yangu peke yangu. Mpango: nikikosa kuku, nalia makusudi, waniite tena lile jina. Nikajifinya paja tayari.

Nikashinda! Kuku wangu wa kwanza maishani, na watu wakapiga makofi ya taratibu, kama kwenye hotuba ya mbunge. Hongera, Bwana Scadden. Hapo machozi yakaja yenyewe, na kamasi juu. Trevor akanitazama. Akamtazama kuku. Kisha akabwata kwamba haijapata kutokea, *sook* kashinda na bado analia!

Baa ikalipuka. Singa akanipiga mgongoni nusura nimeze meno, akaniambia kesho nisichelewe. Ahaa! Nikapumua mpaka vifungo vikalegea. Sijawahi kupenda tusi kiasi hiki. Nikamkumbatia Trevor, akasema nimwachie, namlowesha shati.

Jumamosi, 15 Machi

Tumefungwa vibaya. Kosa langu, na wamenisimanga njia nzima. Raha iliyoje!

Ila nimewaza. *Sook* si jina la mtu wa hadhi yangu. Nahodha wa wale wapinzani wanamwita Kimbunga, na anatembea hivyo hivyo, kifua mbele. Basi na mimi nimejichagulia langu: Radi. Kesho kanisani nitapita nikinong'ona, mmoja mmoja, kwamba huko nilikozaliwa wote waliniita hivyo. Nani atabisha? Anayejua ukweli ni mama yangu tu, na masikio yake siku hizi hayasikii vizuri.