Mshale wa Njia Panda

Jumatatu, 4 Agosti

Leo Mwalimu wa Historia ametangaza jambo kubwa. Mashindano ya magari ya msituni yanatimiza miaka hamsini, na Jumamosi yatapita njia ileile ya mwaka wa kwanza. Mwanafunzi atakayeandaa maonyesho bora kuhusu historia yake atapanda gari la sifuri! Ndilo lenye namba 0 mlangoni. Hutangulia mbele ya wote kuhakikisha njia ni salama na kila mshale umeelekea panapostahili. Kiti ni kimoja tu.

Kiranja wa darasa alinyoosha mkono kabla Mwalimu hajamaliza sentensi. Akasema ameshaanza. Mtu anaanzaje jambo ambalo halijatangazwa? Baba yake ndiye mshika saa wa mashindano, ndivyo anavyoanza. Mlangoni akaniuliza mimi nitaleta nini, shoga yangu, chumvi ya babu yako?

Mvumilivu hula mbivu. Hata hivyo nimeanza mpango.

Jumanne, 5 Agosti

Chumvi ya Babu ni hii. Mji mzima unajua kwamba bingwa wa kwanza, Mzee Matope, aliwaacha wenzake karibu saa nzima. Babu, aliyekuwa mpasua mbao, anasema hawakuachwa. Walipotea! Mzee Matope alipita njia panda akashika kushoto, kuelekea darajani. Vumbi lake halijatua, Babu akafika na msumeno kuukata mti aliotumwa. Kibao cha mshale kilichopigiliwa juu yake hakukijali. Mti ukaanguka, mshale ukaelekea kulia, na magari yote yaliyobaki yakaufuata hadi kiwanda cha mbao. Wakanywa chai.

Watu humcheka. Hata Mama humwambia, baba, leo umezidisha. Babu hutazama viganja vyake. Sipendi anapovitazama.

Nimemuuliza kisiki kiko wapi. Akauliza cha nini. Nikasema ni masomo. Si uongo.

Jumatano, 6 Agosti

Kisiki kipo! Kimeoza katikati, lakini kipo. Ushahidi!

Kisiki pekee hakielezi kitu, kwa hiyo nilibeba mshale wa mfano: ubao kutoka karakana ya Mama, rangi nyekundu, mikono yangu miwili. Nikaupigilia kwenye mti wa jirani, ukielekea kulia kama ule ulioanguka. Misumari sita. Kazi nusu ni aibu kamili. Nikapiga picha mbili kwa simu ya Mama.

Ghafla, ngurumo. Dereva yuko mazoezini! Gari lilitokea konani likiwa ubavu ubavu, kokoto zikaruka kama bisi. Nikajitupa kwenye majani, kisha nikakimbia hadi lami bila kugeuka.

Nipo salama. Picha zipo. Nyundo ya Mama haipo.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama ni seremala na ana mlango wa kumaliza. Ameitafuta nyundo chini ya meza, juu ya kabati, hadi ndani ya sufuria. Akauliza nani kaiona. Nikasema sijaiona tangu jana. Kweli tupu!

Nilitaka kuifuata, lakini msitu umefungwa. Mafundi wanapigilia mishale ya mashindano na mlinzi hapitishi hata sisimizi. Mama amegongea misumari kwa jiwe, akisema nyundo haina miguu na huku akinitazama mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya maonyesho.

Kiranja alileta msitu mzima juu ya meza. Miti ya sifongo, magari ya kuchezea, daraja la njiti. Watu wakamzunguka kama nyuki. Mimi nilikuwa na picha mbili na maelezo yangu kwa mwandiko safi: bingwa wa kwanza alishinda kwa sababu wenzake walipotezwa.

Kisha akaingia jaji. Mzee Matope mwenyewe! Hakuna aliyenionya!

Nilijaribu kuziba maelezo kwa mgongo. Akaniomba nisogee, mjukuu wangu. Akasoma, akarudi mwanzo, akasoma tena. Mwalimu wa Historia akafunga macho. Mzee akauliza nani kanieleza haya. Nikasema Babu. Akauliza kama naweza kukionyesha hicho kisiki. Nikasema ndiyo, sauti ikatoka kama ya kifaranga.

Akamwambia Mwalimu kwamba kesho ataendesha gari la sifuri yeye mwenyewe, na kiti ni changu.

Kiranja alikunjua uso kwa shida. Nilimpongeza kwa daraja lake. Ni adabu tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika taratibu ili herufi zisianguke.

Kofia ngumu, mikanda minne. Mzee Matope nyumbani hutembelea bakora, lakini usukani unamrudisha ujana. Miti ikawa ukuta wa kijani. Nilikuwa na furaha isiyo na jina.

Ikaja njia panda. Na mshale wangu. Mwekundu, mzuri, wazi kama mwezi, ukielekea kulia.

Wa mashindano haukuwepo! Mafundi walikuta njia panda ina mshale tayari, bila shaka wakadhani mwenzao ameshapita, wakaendelea zao.

Mzee akapunguza mwendo. Akanong'ona kwamba miaka yote amekumbuka kushoto. Akasema labda ni uzee. Akakata kulia.

Nikikaa kimya, kiti ni changu hadi mwisho. Lakini magari yote yanatufuata, na huko kulia sasa wapo wapasua mbao, magogo yamelala katikati ya njia. Nikapiga kelele asimame. Akadhani naogopa, akanituliza, pole mama, tumekaribia. Nikapiga tena: mshale ni wangu! Nimeupigilia mimi!

Breki. Vumbi. Akarudi kinyumenyume hadi njia panda.

Nyundo ya Mama ilikuwa palepale majanini, imeota kutu kidogo. Nikang'oa msumari wa kwanza. Wa pili. Mbali, ngurumo ya gari la kwanza. Wa tatu ukapinda. Mzee akaniuliza kwa upole ni nani aliyenifundisha kupigilia hivi. Nikasema Mama, seremala. Akasema inaonekana. Wa tano. Ngurumo ikawa karibu, ardhi ikahema. Wa sita! Tukaugeuza ubao, yeye akaushika, mimi nikagonga, kushoto. Tulipofunga milango, taa zilikuwa zimetokea konani.

Gari likashika kushoto. Na la pili. Yote.

Mzee akalitazama vumbi, kisha kisiki. Akasema siku ile hakuona taa ya mtu nyuma yake, na tangu hapo hajui kama alikuwa na mbio au alikuwa peke yake.

Jumapili, 10 Agosti

Mzee Matope amekuja nyumbani. Alimsalimia Babu, akakaa, akamuuliza, kaka, wale wenzangu walikuwa na mbio? Babu akafikiri. Akasema kwenye kunywa chai, sana.

Wakacheka hadi wakafuta machozi. Kisha Babu akaeleza yote upya, na hakuna aliyemwambia amezidisha. Viganja vyake hakuvitazama hata mara moja.

Wasimamizi wameambiwa kwamba mshale mmoja ulikaa vibaya ukarekebishwa. Nani aliuweka, Mzee hakusema. Mimi ameniapisha nisipigilie tena kitu chochote msituni. Nimeapa kwa moyo wangu wote. Nyundo nimemrudishia Mama, naye amenipa mlango wa kupiga msasa hadi usiku, kulipa deni.

Jioni Kiranja alipita kutuambia kwamba mwakani kiti cha gari la sifuri ni chake. Baba yake ameshazungumza. Alisema pole, shoga yangu, akatabasamu kwa meno yote.

Nimejifunza mengi wiki hii. Misumari sita ni mingi mno.

Mwakani miwili inatosha.