Kiti cha Walnati cha Mzee Emukule

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Jumamosi wakwe wanatoka Malaba kuja hapa Busibwabo kumposa Mercyline, binti wa marehemu kaka yangu. Msemaji wa ukoo awe nani kama si mimi? Lakini binamu yangu Willis naye anautaka usemaji, eti kwa sababu alimaliza fomu foo. Nimewaambia wazee nitamkalisha baba wa bwana harusi, Mzee Emukule, kwenye kiti cha walnati. Wakauliza walnati ni nini. Nikawaeleza: mbao ya rangi ya chokoleti, haipindi, haipasuki, ndiyo hutengenezewa vitako vya bunduki. Trela iliwahi kugonga walnati pale Malaba. Trela ndiyo ilipelekwa gereji. Wamesema wakikiona kiti, usemaji ni wangu.

Jumatano, 6 Agosti
Walnati haipatikani Busia nzima. Si kitu. Nimeangusha mkaratusi wangu. Mke wangu Zilpa ameuliza: kuni mbichi hazichemshi hata chai, zitambeba mkwe? Mwanamke hajui mbao.

Ijumaa, 8 Agosti
Kiti tayari! Nimekipaka rangi ya viatu ya kahawia. Kinang'aa mpaka jogoo alijiona ndani akataka vita. Willis amepita, akanusa, akauliza kama kiti kinakwenda gwaride. Wivu tu.

Jumamosi, 9 Agosti
Mzee Emukule amefika na kanzu nyeupe kama maziwa. Akaketi. Nikaanza habari ya bunduki. Jua likakolea. Kiti kikalia kwaa! Mgongo wa kiti ukapasuka juu hadi chini. Mzee akatoa mrija wa pombe mdomoni, akaniambia polepole: Mzee Wandera, bunduki yako imefyatuka.

Kisha akainuka kucheza. Nyuma, kanzu yote kahawia! Kwetu mkwe hatazamwi makalioni, sembuse kuambiwa. Basi ukoo mzima tukatazama mawingu, naye akazunguka uwanja akicheza, mpaka mkewe, Mama Anyait, akapiga yowe.

Wazee wamempa Willis usemaji palepale.

Jumapili, 10 Agosti
Nimelala fofofo. Maana fikiria: kiti kilipasuka, na mzee hakuanguka! Mama Anyait amepiga simu, amesugua kanzu na rangi imekataa kutoka. Uimara ulioje! Willis aliongea mchana kutwa, hakuna anayekumbuka neno. Kiti changu kinazungumzwa mpaka Adungosi.

Mercyline amenisihi nisihangaike na zawadi ya harusi. Mtoto ana adabu sana. Atapata kitanda. Nimeuzunguka mti wa avokado wa Zilpa asubuhi yote. Ukifumba jicho moja, ni walnati kabisa.