Pipa Langu Lenye Kitambaa Chekundu

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Dada Jesca kasema rasmi. Grosari yake hapa Chikongola itakuwa na bomba moja tu la bia ya kupikwa nyumbani, na Jumamosi wateja wataonja na kuchagua. Bomba moja! Wagombea wawili: mimi na Elia.

Mtaa mzima sisi wawili ndio tunaojua kupika IPA, ile bia chungu ya wazungu. Tuliizoea kwenye kambi ya gesi kule Mnazi Bay, mimi nikiwa stoo, Elia jikoni. Wazungu waliondoka, kiu ikabaki. Ila Elia somo halikumwingia. Yake imejaa kimea cha mtama, nyekundu, tamu, laini. Uji wa mtoto wenye povu! Yangu ina hopsi, yale maua makavu yanayotia uchungu, pakiti niliyoachiwa na injinia wa kambi mwenyewe. IPA ni uchungu. Asiyeuweza akanywe soda.

Tatizo, Elia ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, kwa hiyo mtani. Mwaka jana msibani alinifichia viatu, nikarudi nyumbani peku, na mila ikanitaka nicheke. Ukimnunia mtani unatozwa jogoo. Nilicheka. Sijasahau.

Kibao nimeshachora: BIA YA ANOLD. Herufi za kijani. Nimewatangazia watu wa kanisani, wa sokoni, na mama mkwe. Sasa kushindwa haiwezekani.

Jumanne, 16 Septemba

Nimepita kwa mzee Hashimu, muuza kahawa, kutafuta shahidi. Pombe hagusi, lakini uchungu anaujua. Nikamwomba awaambie watu kwamba kitu chungu ndicho kitu chenyewe. Akasema kahawa yake inanyweka kwa sababu ya kashata. Uchungu mtupu ni dawa, na dawa mtu hanywi kwa kupenda. Nimekula kashata zake tatu nikaondoka. Mzee ameanza kuchoka akili.

Jioni, habari mbaya. Mke wangu, Mama Goodluck, kasikia saluni kwamba Jesca mwenyewe anaipenda ya Elia. Eti inanukia mkate. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba hata yeye anaipenda. Ndani ya nyumba yangu!

Alhamisi, 18 Septemba

Tumepeleka mapipa stoo kwa Jesca yakatulie. Yote ya bluu, yamefanana kama mapacha. Langu nimelifunga kitambaa chekundu, Elia lake cheupe. Nilipokuwa nje namsifia Jesca kaunta mpya, Elia alibaki stoo kidogo peke yake, akatoka anatabasamu. Amekata tamaa, masikini. Tabasamu la mtu aliyekata tamaa nalijua.

Wakati wa kurudi nimeuona mwarobaini wa jirani umestawi, majani tele. Nikasimama pale muda mrefu.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimechemsha mwarobaini sufuria nzima. Mama Goodluck akauliza nani ana homa. Nikasema ni kinga. Akauliza kinga gani inatiwa kwenye dumu. Huyu angefaa upolisi.

Saa tano Jesca alikuwa sokoni. Nikamwambia dada wa kaunta nakwenda kukagua pipa langu. Nikaingia, nikafungua lenye kitambaa cheupe, nikamimina dumu lote, nikakoroga kwa mwiko, nikafunga. Sikuonja. Uji ule ungenichefua. Utamu wa Elia kwisha! Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumamosi, 20 Septemba

Siku gani hii.

Watu walijaa. Jesca akaanza na kitambaa chekundu, glasi ya kwanza akanipa mimi kama mwenye pipa. Nikaonja. Laini. Tamu kidogo. Harufu ya mkate. Nikashtuka, halafu nikaelewa: hopsi zangu zimeiva! Nikapanda juu ya kreti nikawatangazia kwamba huu ndio uchungu wa mtu mzima, uchungu uliokomaa hata hausikiki. Nikanywa ya pili. Ya tatu niliiomba mwenyewe. Kusema kweli sijawahi kunywa bia nzuri vile, machozi yalinilengalenga.

Kikaja cheupe. Tukaonja, tukatema. Fundi baiskeli alikimbilia ndoo ya maji. Nikasema kwa sauti kwamba aliyepika kitu hiki hamwogopi Mungu, apelekwe serikali ya mtaa.

Hapo Elia akainuka, anacheka mpaka ameshika meza. Akasema Alhamisi alibadilisha vitambaa, utani tu, alitaka anisikie nikiisifu bia yake mbele za watu. Kwamba na yangu ningeitukana mwenyewe, hilo hakulitegemea. Watu walicheka hadi viti vikaanguka.

Jesca akaokota jani kwenye glasi. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mimi napikia mwarobaini. Ningefanyaje? Nikikana, lazima nieleze umeingiaje, na nilidhani lile ni pipa la nani. Nikikubali, mimi ndiye mpishi mbovu kuliko wote Mtwara. Nikakubali. Nikasema ni siri ya wazungu. Mama Goodluck alikuwa mlangoni, ananitazama tu.

Nikanuna. Elia akadai jogoo palepale.

Bomba limekwenda kwake. Imeniuma. Imeniuma sana, naandika hivi kwa kuwa humu hakuna anayesoma.

Jumapili, 21 Septemba

Jogoo kaondoka asubuhi kwapani mwa Elia. Mama Goodluck alimpa pole. Jogoo, si mimi. Kisha akanikumbusha kwamba sufuria yake ya wali bado chungu.

Mchana Jesca kaniita. Nikadhani kanihurumia, nikabeba na kibao. Kumbe ameunyunyizia mchicha wake bia yangu, na viwavi wote chali. Anauliza kama naweza kumletea pipa jingine.

Nimetafakari kwa kina. Tuseme ukweli: Jumamosi ni nani aliyeitambua bia bora tangu funda la kwanza? Mimi. Ni pipa lipi lililoshinda? La kitambaa chekundu. Kitambaa cha nani? Changu. Kibao sikitupi.

Alhamisi Elia anapeleka pipa jipya. Nimeshapata sufuria kubwa zaidi, na mwarobaini uko motoni. Mama Goodluck kaniuliza kama safari hii nitaonja kabla ya kumimina. Nimemjibu kwamba kuonja ni kwa watu wasiojua wanachofanya.