Swichi Isiyolia Tik

Jumatatu, 10 Juni 1996
Gari limezimika tena kwenye taa za mlimani, pua juu, ziwa lote la Duluth likinisubiri nyuma. Jumamosi ndilo litakalompeleka binti yetu Solveig kanisani, nami nikiwa kwenye usukani. Nilimwahidi tangu akiwa darasa la kwanza. Mwanyumba wangu Sal, aliyeoa mdogo wa mke wangu na kuhamia huku kutoka New Jersey, anasema nisihangaike, bibi harusi atapanda pikapu yake. Pikapu! Inanuka samaki! Kisha akauliza, “Mwanyumba, nije na testa ya umeme tulicheki?” Nikakataa, bila shaka. Hapa Minnesota mwenye adabu hukataa kwanza.

Jumanne, 11 Juni
Nimebadilisha plagi. Limezimika. Jirani Orville akainamia injini, akaguna, akasema, “Hii ni tofauti.” Kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Sal akapita, akauliza tena kama anisaidie. Nikakataa mara ya pili. Mambo yanakwenda vizuri. Mara ya tatu nitakubali kwa shingo upande, na itaonekana mimi ndiye niliyemfanyia hisani.

Jumatano, 12 Juni
Boneti wazi tangu asubuhi. Nimedondosha spana kila Sal alipopita. Nimekohoa. Nimeguna. Akapunga mkono: “Naona umeliweza, mwanyumba! Safi sana!” Sikuamini masikio yangu. Mke wangu Berit anasema kwao Sal “hapana” maana yake ni hapana. Watu hao wanaishije?

Alhamisi, 13 Juni
Nimesoma kitabu cha gari. Kumbe kuna swichi kwenye kilango cha hewa, inayoiambia kompyuta kwamba dereva ameondoa mguu kwenye mafuta. Isipofanya kazi, injini haijui kama inatakiwa kunguruma taratibu, inazimika. Kuipima ni rahisi: fungua kilango kwa mkono, kiachie, sikiliza. Ikilia tik, nzima. Nikajaribu. Tik! Nikarudia. Tik, tik! Swichi nzima kabisa. Nikanunua pampu mpya ya mafuta, nikashinda chini ya gari nikiifunga. Limezimika kabla ya kutoka uani. Ndipo nilipomwona Berit barazani, akivunjavunja maganda ya maharage mabichi ya chakula cha jioni, kama alivyofanya tangu asubuhi. Tik. Sasa naogopa kweli. Solveig amepiga simu kuuliza kama apande pikapu tu. Iliniuma.

Ijumaa, 14 Juni
Berit kanizunguka. Kamwita Sal: “Shemeji, njoo utuokoe, huyu ataharibu harusi.” Sal akamwomba aweke maharage chini, tukasikiliza. Kimya. Testa nayo ikawa haisomi kitu. Akalegeza skrubu mbili, akazungusha swichi kidogo kidogo mpaka ikalia tik, akakaza. Basi! Hata kahawa yangu haijapoa. Nikamkaribisha chakula, kwa adabu tu. Akasema asante, ana njaa sana, akaketi. Papo hapo! Hata haya hana.

Jumamosi, 15 Juni
Gari halikuzimika popote, hata mlimani. Solveig nyuma, shela limejaa kiti kizima. Alilia kidogo. Nami pia, ila mimi nilikuwa naendesha. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Ukumbini, kodiani ilipoanza kulia, akaja mezani: “Baba, twende tukacheze.” Nikakataa, nikasema magoti yananisumbua. Akarudi kunibembeleza. Nikakataa mara ya pili. Akasema haya baba, pumzika, akamfuata Sal, ambaye hata hakumwacha amalize kuuliza, akasimama kucheza. Sina wasiwasi. Nimemlea mwenyewe, anajua taratibu. Mpiga kodiani anafunga vyombo na watu wanakunja viti. Nimeshavua koti na kukaza kamba za viatu. Atakuja sasa hivi.