Mchicha wa Kumwongezea Laazizi Damu

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa! Bado nikimwona anafunga kamba za viatu, moyo unanienda mbio. Lakini leo kaja nyumbani kabla ya adhuhuri, mweupe kama ukuta anaoupaka. Laazizi wangu ni fundi rangi. Kashikwa na kizunguzungu juu ya ngazi! Muuguzi wa zahanati kampima: kiwango cha damu ni kumi na moja. Msimamizi kasema baada ya wiki mbili isipofika kumi na mbili, ngazi anapewa mwingine. Nimelia hadi kitambaa kimelowa. Kisha nikakumbuka somo la lishe: mchicha! Madini ya chuma, vitamini, kila kitu. Mafungu sita yamo kwenye beseni.

Jumatano, 6 Machi

Maskini, mchicha haumpiti kooni. Anafumba macho, anameza kama dawa. Kwa ajili yangu! Nimebuni mbinu: akimaliza tu sahani, namkabidhi kikombe kikubwa cha chai ya rangi, nzito, ya kuondoa ladha. Asubuhi, mchana, jioni. Kaniambia: sijapata kuona mke mwerevu kama wewe. Kwa furaha nilishindwa hata kuosha vyombo.

Jumamosi, 9 Machi

Wifi! Anaishi chumba cha pili na masikio yake yanaishi chetu. Kaniuliza kwa sauti, majirani wote wasikie, kama kaka yake kaoa mke au kaoa mfuga sungura. Kisha akamwachia chungwa, eti yeye ndiye anayelijua tumbo la kaka yake tangu utoto. Kasema kila siku ataleta chungwa! La leo nimelila mwenyewe nyuma ya mlango, kwa hasira, na mengine nitayala vivyo hivyo. Tamu sana. Mume ni wangu, na tumbo ni langu.

Jumatatu, 18 Machi

Ole wangu. Tumerudi zahanati kupima: kumi na moja ile ile. Haikupanda hata chembe!

Muuguzi kauliza anakula nini. Nikajibu mimi, kifua mbele: mchicha! Kauliza anashushia nini. Chai, nikasema, nzito, papo hapo. Akaweka kalamu chini. Kumbe chai inazuia chuma kuingia mwilini! Kasema chai ingoje muda wa saa mbili baada ya chakula, na mchicha uliwe pamoja na chungwa, ndilo linalosaidia chuma kuingia. Wifi, aliyejialika, kauliza machungwa yake tisa yako wapi basi. Nikaitazama mizani ya watoto wachanga.

Ngazi kapewa mwingine. Laazizi anaosha brashi za wenzake. Msimamizi kampa wiki mbili za mwisho. Njiani kanishika mkono, kaniambia mke wangu, usijilaumu. Nikalia upya.

Ila somo nimelielewa. Kilichokosekana ni chungwa tu! Jioni hii nimekamua mawili, nikayamimina ndani ya chai. Na chai nimeizidisha majani mara mbili, uchachu usimsumbue.